Umbali wa Kusimama

Gerezani, 12 Januari

Mdogo wangu,

Mfikishie mama shikamoo yangu kabla hujasoma zaidi, maana nakujua, ukishaanza kusoma utasahau. Mimi mzima. Kile kikohozi kimenichoka chenyewe kikaondoka. Bado niko karakana ya useremala. Mwezi huu tunatengeneza madawati ya shule, na kila nikipiga randa uso wa dawati najiuliza ni mtoto gani atakuja kuchimba jina lake hapo kwa ncha ya bikari. Nyumba ikoje? Paa la jikoni bado linavuja? Na mwalimu wa jiografia, yule mwenye baiskeli, bado anapita kwako kuazima ramani ambazo anazo kwake?

Mwanangu hajambo? Siulizi kama ananitaja. Nauliza kama hajambo.

Sasa jambo lenyewe, na usicheke. Nimejiandikisha kufanya mtihani wa mwisho wa sekondari mwaka huu. Hapa kuna darasa la mchana, tuko wachache, na anayetufundisha hesabu ni mfungwa mwenzetu aliyekuwa mhasibu. Tunamwita Mhasibu, naye hachukii. Fizikia haina mwenyewe. Tuna kitabu kimoja, na kuna mtu wa zamani alichana kurasa za katikati akasokotea sigara. Zilizobaki ni fomula tupu kule nyuma. Nimezikariri zote, lakini kukariri ni kama kupewa kiti usichojua kimeungwaje. Siku mguu mmoja ukilegea, uko chini. Na mtihani wenyewe hauulizi fomula. Unasema "onesha kwamba", "thibitisha kwamba". Basi naomba uniandikie zilikotoka. Usinipe jibu, nipe njia, hatua kwa hatua, kama unavyowaandikia wasichana wako ubaoni.

Utataka kuniuliza kwa nini, mtu wa umri wangu. Usiniulize.

Na usimwambie mwanangu.

Kaka yako

*

Nyumbani, 5 Februari

Kaka,

Barua yako imenikuta nasahihisha, nikaisoma nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, nusura nikupe alama za mwandiko. Umenyooka siku hizi. Mama amepokea shikamoo yake, akasema marahaba, kisha akauliza kama unakula. Magoti yake yana serikali yao. Asubuhi yanagoma, jioni yanakubali mazungumzo. Redio ameifungulia sauti kiasi kwamba majirani hawana haja ya kuwasha zao. Paa linavuja palepale, ila nimebadilisha sufuria.

Binti yako hajambo. Anakula, analala, anasoma. Amenipita urefu. Yuko darasa langu, darasa la mwisho. Shuleni ananiita mwalimu, nyumbani ananiita shangazi, na kote kuwili maneno anayapima kwa kijiko. Tuko watatu humu ndani, lakini anayezungumza ni yule wa kwenye redio.

Haya, fizikia. Anza kila mara na kitu ambacho huwezi kukibishia. Mchapuko ni kiasi ambacho mwendokasi unabadilika kila sekunde. Kama ulianza na u ukaishia na v kwa muda t, basi a = (v − u)/t. Hiyo ni maana ya neno tu, hakuna uganga. Umbali nao ni wastani wa mwendokasi mara muda, yaani s = (u + v)/2 × t. Hiyo ni akili ya kawaida; hata mama anaikubali. Sasa t imetuchosha, hatutaki kuiona tena. Kutoka ile ya kwanza, t = (v − u)/a. Ipeleke kwenye ya pili: s = (v + u)(v − u)/2a. Pale juu umepata tofauti ya vipeo viwili vya pili. Panga vizuri, unabaki na v² = u² + 2as. Imezaliwa mbele ya macho yako na hukukariri kitu.

Karatasi ya pili nimekuandikia mwendokasi wa kutoroka, maana hupenda kutokea. Ya tatu ni mazoezi. Yafanye, unirudishie nisahihishe.

Sikuulizi kwa nini. Lakini mimi ni mwalimu, na kutouliza kunanibana kama kiatu kipya.

Mdogo wako

*

Nyumbani, 20 Aprili

Kaka,

Sisi wazima. Mama anauliza posta wana nini mwaka huu. Nimemwambia posta ni posta.

Sijapata neno lako, na nadhani sababu naijua. Yale mazoezi niliyanakili kutoka kwenye maandalio yangu ya darasani. Niliyanakili huku namsikiliza mama, nikabandika stempu, nikatuma. Juzi nimeyafungua tena, macho yakatua kwenye swali la nne. Lori linakwenda kwa mwendokasi u. Dereva anakanyaga breki. Onesha umbali wa kusimama.

Nimekuandikia wewe swali hilo. Wewe, katika watu wote.

Tangu wifi yangu afie ndani ya lori ulilokuwa unaendesha, nyumba hii haitamki neno lori. Tunasema gari kubwa, au tunanyamaza. Miaka minne nimeulinda ulimi, halafu kalamu ikaniponyoka. Kama umekasirika, una haki. Ila niandikie hata mstari mmoja wa kusema kwamba umekasirika, nijue uko.

Mdogo wako

*

Gerezani, 9 Mei

Mdogo wangu,

Sikukasirika. Barua yako ya Februari nimepewa wiki hii, pamoja na ya Aprili, zote mkono mmoja. Keti nikusimulie, na mama umsomee akiwa na hali nzuri.

Barua zetu hufunguliwa na afande mmoja wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akaniita ofisini. Nikamkuta ameishika ile karatasi yako ya pili kwa ncha za vidole, kama kitu kilichookotwa mtaroni.

"Nani anatoroka?" akaniuliza.

"Jiwe, afande."

"Jiwe gani?"

"Lolote lile. Linarushwa juu, lisirudi."

"Linatoroka wapi?"

"Duniani, afande."

Akanitazama sana. Kumbe karatasi ilikuwa imezungushwa ofisi hadi ofisi tangu Februari, na hakuna mkubwa aliyetaka kuwa wa kwanza kusema haielewi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaisoma. Naiona mara ya kwanza mkononi mwake. Nikamwomba aniruhusu niisome kwa sauti, hatua moja moja. Kwa hiyo nilijifunza pale pale, nimesimama wima, mbele ya meza yake. Nikasema: nishati ya mwendo ya jiwe ni nusu ya m mara v². Hiyo lazima itoshe kazi yote ya kulitoa kwenye mvuto wa dunia, ambayo ni GMm/r. Ziweke sawa. Herufi m ndogo iko pande zote mbili, ikate.

"Simama hapo," afande akasema. "Kwa nini umeikata?"

"Ndiyo tungamo la jiwe, afande. Halina neno. Jiwe kubwa, jiwe dogo, kasi inayotakiwa ni ileile."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, afande."

Akafikiri. Akauliza kasi yenyewe ni kiasi gani. Nikamwambia, kama kilomita kumi na moja kila sekunde. Akageuka akautazama ukuta wa nje kupitia dirishani, kisha akachukua muhuri. "Basi hapa hatuna mwenye mbio hizo," akasema, akaugonga. Ila ameomba neno kutoroka lisirudi tena kwenye barua zetu. Amependekeza tuandike mwendokasi wa kuiaga dunia. Nikamwambia, afande, mama yangu akilisoma hilo ataita watu msibani. Tumekubaliana: mwendokasi wa kutorudi.

Nakurudishia mazoezi. La nne nimelijaribu, limenishinda njiani. Nimeweka v iwe sifuri, kwa sababu mwishowe lori husimama. Kila lori husimama. Nimepata 0 = u² + 2as. Lakini ukiendelea, umbali unatoka hasi. Ni kama linasema lori lilipaswa kusimama nyuma ya pale nilipoanza kukanyaga. Nimelitazama jibu hilo sana. Sijui kama ni hesabu zangu zimekosea au ndivyo ilivyo. Nimeliacha.

Na lile ambalo hukuniuliza: mtihani huu ni karatasi moja, asubuhi moja, vyumba vyote. Ni hivyo tu.

Kaka yako

*

Nyumbani, 2 Juni

Kaka,

Mama amecheka mpaka magoti yakasahau kumuuma. Sasa akiona jirani anajiandaa kuhama anasema, huyo kapata mwendokasi wa kutorudi.

Nimeelewa sababu yako. Kwamba asubuhi moja, kwa saa chache, wewe na mwanao mtakuwa mnasoma maneno yale yale, hata kama hajakuandikia herufi tangu uondoke. Sitasema zaidi.

Ila kuna jambo sikukuandikia. Mwezi Machi nilifundisha umbali wa kusimama. Nikaanza vizuri, nikafika pale pa kuweka v iwe sifuri, nikasikia kiti cha binti yako kinasogea. Alitoka. Hakubamiza mlango, aliufunga polepole, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilimkuta nyuma ya maabara, amekalia kreti za chupa tupu. Akaniambia, "Shangazi, lingine lolote nitafanya. Hilo liruke." Nikaliruka. Mwalimu mzima wa darasa la mtihani, nikaruka swali ambalo kila mwaka nawaambia wasithubutu kuliruka.

Sasa na wewe umekwama mstari uleule. Nilikaa na jambo hilo peke yangu wiki nzima. Nyumbani sina wa kumwambia. Mama angelia, na huyo mwingine ndiye mwenyewe.

Jumapili mchana nilikuwa nasahihisha kazi yako mezani, mama akaniita nimsaidie kuingia bafuni. Niliporudi, binti alikuwa amesimama juu ya karatasi.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wa baba yako."

"Anafanya nini na hivi?"

"Anafanya mtihani. Wenu."

Nilidhani atatoka kama siku ile. Akavuta kiti. Alisoma kutoka juu mpaka pale ulipoacha, na ile sentensi yako ya lori kusimama nyuma, maana uliiandika hata kwenye karatasi ya mazoezi. Halafu akasema, kama anavyosema na mwenzake wa dawati moja, "Amekosea alama. Breki inapunguza mwendo. Hapa a ni hasi." Akachukua penseli yake, akafanya alichofanya, akaenda kuanua nguo.

Nakurudishia karatasi kama alivyoiacha. Kalamu yangu nyekundu sikuigusisha.

Uliniambia nisimwambie. Sikumwambia, niliulizwa.

Mdogo wako

*

Gerezani, 28 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwenu. Nimeipokea.

Kimstari chenyewe cha hasi hakifiki urefu wa punje ya mchele. Nimekitazama mpaka Mhasibu akaja kuniuliza kama nimeletewa habari ya msiba. Nikamwambia hapana, nimesahihishwa.

0 = u² − 2as. Kwa hiyo s = u²/2a. Ukiongeza mwendo maradufu, umbali wa kusimama haurudufuki. Unakuwa mara nne. Mara nne, mdogo wangu. Nimeendesha malori zaidi ya nusu ya maisha yangu nikiamini ni mara mbili. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Nimeweka humu kazi nyingine: timazi linalobembea, kani ya kitu kinachozunguka, nishati ya mwendo. Fundi mkuu wa karakana ameniruhusu kutumia timazi la kazi. Nalining'iniza kwenye boriti wakati wa mapumziko, wenzangu wanasema nimeanza kupiga ramli. Kama mezani kwenu kuna mtu na penseli yake, karatasi ndizo hizo.

Kaka yako

*

Nyumbani, 17 Agosti

Kaka,

Mama anakusalimu sana. Ameanza kulala mchana na redio ikiwa imezimwa, jambo ambalo sijazoea. Nimemwita daktari, amesema ni umri. Sisi wengine wazima.

Karatasi za kwanza ulizotuma zilisahihishwa zote kwa penseli, umeziona. Hizi za pili, zilizofika wiki hii, nakurudishia tupu, na sababu unaijua. Umeanza kukosea makusudi. Mtu aliyeweza kumtuliza afande kwa nusu ya mv² hawezi kuisahau hiyo nusu mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Si mimi niliyegundua. Binti yako alikuwa anazipitia azisahihishe, akasimama, akaweka penseli chini. "Huyu anajua," akasema. "Anakosea ili nimwandikie. Mwambie aache." Hajazigusa tena.

Sikulaumu. Ningekuwa mimi, pengine ningekosea zaidi ya hapo.

Januari uliniuliza habari za mwalimu wa jiografia. Amehamishwa shule, mbali. Alikuja kuaga, baiskeli ameiegemeza ukutani. Mama akamwambia aingie anywe chai, mimi nikasema ana safari ndefu, asichelewe. Akasema kweli, asichelewe. Akaenda. Ndiyo habari ya mwalimu wa jiografia.

Siku hizi nikimaliza kupika nasahihisha, nikimaliza kusahihisha napika.

Mdogo wako

*

Gerezani, 21 Novemba

Mdogo wangu,

Nilinyamaza kwa kusudi. Aliniambia niache, na sikujua kuacha nusu nusu, basi nikaacha na barua zako humo humo. Haikuwa haki. Hukukosa lolote. Mama anaendeleaje? Niambie ukweli, si wa daktari, wako.

Na mwalimu wa jiografia ulimnyima chai. Chai, mdogo wangu. Huwezi kuwaruhusu watu wa nyumba nzima wakae kimya, halafu anayebisha hodi naye unamwahisha safari.

Tumefanya mtihani. Waliutoa ukumbi wa kulia harufu yake kwa sabuni tangu jana yake, wakazitenganisha meza kama mashua zisizojuana. Msimamizi aliletwa kutoka nje, kijana wa suti kubwa, anaogopa sana kutuonesha kwamba anaogopa. Akatuonesha bahasha jinsi ilivyofungwa, tukaridhika, akaikata. Karatasi ilipofika mezani kwangu sikuanza kusoma. Niliweka kiganja juu yake kwanza. Nikasema, sasa hivi mwanangu naye anaigeuza. Kisha nikaigeuza.

Swali la breki halikutoka. Mimi na yeye tumelihangaikia bure, kama mtihani ndio ulikuwa haja. Lilitoka timazi, nikalifanya kwa raha. Lilitoka la gesi kusukuma kuta za chombo, molekuli moja inakwenda inagonga ukuta, inarudi, inagonga tena. Hilo nimelifanya vizuri kuliko yote. Sikuhitaji kulifikiria mbali.

Tulipotoka, wenzangu walizungumza majibu mpaka wakati wa kufungiwa. Huyu kapata hivi, yule kapata vile, Mhasibu anaamua kesi. Mimi nilikuwa na mtu mmoja tu niliyetaka kumuuliza, swali la sita kalifanyaje. Nikajilaza.

Kaka yako

*

Nyumbani, 30 Januari

Kaka,

Uliomba ukweli wangu. Mama amechoka. Anakula kidogo, anazungumza sana na baba yetu, ambaye mimi na wewe tunajua amelala wapi. Lakini asubuhi akiamka anatambua kila mtu, na swali lake ni lile lile, kama unakula. Namwambia ndiyo. Endelea kula, nisiwe mwongo.

Matokeo yametoka. Binti amefaulu kuliko nilivyothubutu kuomba. Amechaguliwa kusoma uhandisi, chuo cha mbali, mwendo wa siku nzima. Wewe nawe umefaulu. Fizikia umepata wastani mzuri, hesabu mwembamba, lakini umevuka. Hongera, kaka. Nakuandikia hongera kwa mwandiko wangu bora, na sijui nitakupaje mkono.

Hapa kwangu kutakuwa kama darasa wakati wa likizo. Nimeshajikuta nahesabu sahani mbili badala ya tatu, kabla hata hajaondoka.

Jana akiwa anafunga vitabu aliuliza, bila kunitazama, basi la kuja huko kwenu linaondoka asubuhi au mchana. Nikamwambia asubuhi. Nikamuuliza kama twende wote. Akasema hapana. Nikamuuliza anakwenda kusema nini. Akasema hana la kusema, ana la kuuliza.

Sikujua nikuandikie au ninyamaze. Kama hatafika, usimchukie. Ameuliza basi tu.

Mdogo wako

*

Gerezani, 18 Februari

Mdogo wangu,

Alikuja.

Unakumbuka chumba cha wageni kilivyo: benchi huku, benchi kule, meza ndefu katikati, afande mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu barua yako ifike. Alipoingia nikaona ni mtu mzima, maneno yote yakanimwagika. "Shikamoo baba." "Marahaba." Tukaishia hapo. Wenzangu pembeni wanazungumza na wageni wao habari za mahindi na wakwe, sisi tunatazama meza. Ni kazi ya karakana yetu meza ile. Niliijua misumari yake yote.

Halafu akauliza, "Mama alikuwa anasema nini?"

"Lini?"

"Mle ndani. Kabla."

Mdogo wangu, polisi waliniuliza mwendo. Hakimu aliniuliza breki. Wewe hukuniuliza kitu, kwa huruma yako. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza, na ndilo pekee nililokuwa nalo.

Nikamwambia mama yake alikuwa ananisimulia. Unamjua wifi yako; alikuwa anapika hospitali, lakini kila jioni alirudi na habari za wodi nzima. Siku ile ilikuwa habari ya mzee mmoja wa wodi ya wanaume. Amepona kabisa, ameruhusiwa aende, naye hataki. Kwake hakuna mtu. Kila daktari akipita, mzee anaingia chini ya kitanda, wauguzi wanajua, wanamsitiri, wanamsogezea chai huko huko. Sasa siku moja daktari akapita, akaona vidole vya miguu vimechomoza. Akainama.

"Akafika hapo," nikamwambia mwanangu, "akaanza kucheka kabla hajamaliza. Unajua alivyokuwa. Nikageuka kumtazama anavyocheka."

Nikaongeza, "Sijui iliishaje. Niko nayo mpaka leo, daktari ameinama."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu akae. "Hukuisikia mwisho wake?"

"Sikuisikia."

"Mimi alinisimulia jana yake, akinisuka nywele." Nikaona anatafuta namna ya kulisema. "Daktari aliinama akakuta wako wawili. Wa kitanda cha pili naye alikuwa hataki kwenda kwake."

Sikukusudia kucheka. Kilitoka chenyewe, kikubwa, hata wageni wa pembeni wakageuka. Naye akacheka, na ni kicheko cha mama yake kabisa, hakuna kilichopungua. Afande wa mlangoni akatutazama, kisha akapata kitu cha kutazama kwenye dari. Kisha ikawa si kicheko tena. Alianza yeye. Meza ni pana, na haturuhusiwi kuvusha mkono, kwa hiyo kila mtu alilia upande wake.

Muda ulipoisha alisimama akajifuta uso kwa mtandio. Hakusema atarudi, nami sikumuuliza. Alinitajia anwani ya chuo polepole, mara mbili, kama mtu anayemsomesha mgonjwa namna ya kumeza dawa. Akaondoka. Nilirudi karakana, nikapiga randa ubao uliokwisha kupigwa.

Leo, kando ya barua yako hii, nimechukua karatasi nyingine. Nimeandika tarehe. Nimeandika, Mwanangu. Hapo ndipo nilipo tangu asubuhi, na sitaki kukuuliza wewe kinachofuata.

Kaka yako